Mtu wa Tanga Kwenda Kufundisha Kiingereza Ughaibuni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tangu nirudi kutoka Thailand, sipiti Ngamiani bila kusimamishwa. Kijana yuko juu ya baiskeli, mguu mmoja chini: "Mwalimu, na mimi nataka kwenda kufundisha huko, nianzie wapi?" Mama mmoja alinifuata mpaka sokoni, binti yake kaahidiwa kazi na mtu asiyemjua, anataka nimwambie kama amwache aende. Mimi nilifundisha Kiingereza miaka mitatu hapa hapa Tanga, kisha miaka minne katika mkoa wa Nakhon Si Thammarat, kusini mwa Thailand. Maswali yamekuwa yale yale, kwa hiyo nimeyaandika kama yanavyoulizwa. Masharti ya viza hubadilika. Kabla hujatoa hata shilingi, hakikisha na ubalozi wa nchi unayoiendea.

Mimi si Mwingereza wala Mmarekani. Kweli kuna mtu atanilipa nimfundishe Kiingereza?

Wapo, ila si kila nchi. Anza kwa kuzijua zilizofunga mlango, usije ukapoteza fedha na miaka.

Korea Kusini hutoa viza ya mwalimu wa lugha, iitwayo E-2, na kwa Kiingereza orodha yake ni ya nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand, Ireland na Afrika Kusini. Hata uwe na shahada ya uzamili ya Kiingereza, pasipoti ya Tanzania haimo. Mtu akikuambia anayo njia yake ya kukupeleka Korea kufundisha, muage kwa adabu uende zako.

China nayo kwa kawaida humtaka mwalimu wa Kiingereza awe raia wa nchi ambako watu huzaliwa na lugha hiyo, awe na shahada, uzoefu wa miaka 2 na hati safi ya polisi. Asiyetoka huko hufikiriwa zaidi kama shahada yake kaisomea huko. Tena tangu Julai 2021, serikali ya China ilipobana vituo vya masomo ya ziada, nafasi nyingi zilikufa. Utasikia habari za Mtanzania anayefundisha chekechea kule. Uliza vizuri, huenda yupo kwa viza ya mwanafunzi, na viza hiyo haimpi mtu ruhusa ya kuajiriwa ualimu.

Japan humtaka mwalimu wa lugha awe amesoma kwa lugha hiyo miaka isiyopungua 12. Piga hesabu. Aliyesoma shule ya msingi ya serikali alisoma miaka 7 kwa Kiswahili. Kiingereza kikawa lugha ya darasani kuanzia kidato cha kwanza: miaka 6 mpaka kidato cha sita, 3 ya chuo kikuu, jumla 9. Haitoshi. Aliyeanzia shule ya mchepuo wa Kiingereza anayo 16.

Zinazobaki ni Thailand, Vietnam, Kambodia, na karibu zaidi Rwanda, ambayo mwaka 2008 iliamua Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia baada ya miaka mingi ya Kifaransa. Mwaka 2022 Wanyarwanda walichukua walimu kutoka Zimbabwe, mbali kuliko sisi. Sisi tuko nao Jumuiya ya Afrika Mashariki, na itifaki ya soko la pamoja iliyoanza 2010 imefungua njia ya wafanyakazi kuvuka mipaka, ingawa kibali bado kinatakiwa. Kigali unafika kwa basi. Watu wetu wakisikia "nje" hutazama baharini tu, na Rwanda inawapita.

Lakini Kiingereza mimi nilikianza sekondari. Nitamfundisha nani?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, mtu kaangalia pembeni. Nalielewa, kwa kuwa nililibeba mwenyewe ndani ya ndege. Naomba nilijibu kwa urefu.

Wiki yangu ya kwanza darasani, watoto wa miaka 13, mmoja kasimama kunieleza habari za mama yake na kila mara anasema "he". Wenzake hawakushtuka. Nikauliza mwalimu mwenyeji, akaniambia katika Kithai cha mazungumzo neno "khao" hutumika kwa mwanamume na mwanamke. Basi ni "yeye" yetu! Sisi pia hatutofautishi. Tunasema "anapika" na hujui ni baba au mama mpaka utajiwe. Mimi nilihangaika na "he" na "she" kidato cha kwanza chote, na nilikumbuka hasa nilivyotoka kwenye shimo hilo: mwalimu wetu alitukataza sheria za sarufi, akatutaka tusimulie habari za watu wa nyumbani kwetu tu. Nikachora ubaoni mama yangu anakaanga vitumbua na baba anaziba pancha ya baiskeli, nikawataka na wao wachore wao. Baada ya wiki tatu kosa lilikuwa limepungua kwa wengi.

Na si hilo peke yake. Kithai hakina "a" wala "the", nasi hatuna. Wao konsonanti mbili zikifuatana huchomeka irabu katikati, na sisi ndivyo tulivyozifanya "wiki", "kadi" na "basi" zipate irabu mwishoni ili zitamkike. Mwenzangu mmoja aliyezaliwa na Kiingereza alikuwa mwalimu hodari, nampenda mpaka leo, lakini mtoto akimuuliza kwa nini tuseme "I have been" alikuwa akijibu, "Ndivyo tunavyosema." Mimi nilikuwa na jibu, maana nililitafuta mwenyewe miaka kumi na mitano nyuma, nikiwa na daftari na kamusi. Anayekijua Kiingereza kwa kukitafuta anajua kilipo kigumu. Usilionee haya jambo hilo. Kwenye usaili liseme wazi.

Ila nisikudanganye upande wa pili. Kufaulu mtihani wa kidato cha sita si kuzungumza. Wapo wahitimu wetu wanaoandika insha nzuri na wakiulizwa swali la papo kwa papo wananyamaza. Kama ni wewe, jipe mwaka mmoja wa kuzungumza kila siku kabla hujaomba. Jirekodi kwa simu, jisikilize, sahihisha, rudia.

Lafudhi yangu je? Nijifunze ya Kimarekani?

Hapana. Lafudhi ya kuigiza huanguka dakika ya kumi, na watoto huisikia ikianguka. Kinachotakiwa ni matamshi yanayoeleweka.

Na hapa watu wa pwani tuna mtaji. Anayesema "thelathini" na "dhahabu" sawasawa tayari anazo sauti mbili za Kiingereza zinazowatoa jasho Wathai, Wachina na Wajapani. Sisi tumezipata bure. Penye kasoro ni kwingine: irabu fupi na ndefu, kama "ship" na "sheep", ambazo sisi hutamka moja; na mkazo. Kiswahili huweka mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, nasi huuhamishia kwenye Kiingereza bila kujua. Kila neno jipya, sikiliza mkazo ulipo. Na kama kwenu l na r hubadilishana, shughulikia hilo kwanza, kwa kuwa Wathai nao wana tatizo hilo hilo na mtapotezana.

Nyaraka gani zinatakiwa?

Pasipoti (ada yake ni shilingi 150,000), shahada pamoja na nakala ya alama zako, hati ya polisi ya tabia njema inayotokana na alama za vidole, cheti cha mafunzo ya kufundisha Kiingereza kwa wageni, barua za waajiri, na kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Thailand huidai kadi hiyo kwa wanaotoka Tanzania. Chanjo ni moja na cheti chake hudumu maisha.

Lakini orodha si tatizo. Tatizo la watu wetu ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanahamisi Ally, cha kidato cha nne Mwanahamis A. Ali, pasipoti ina jina la babu ambalo shahada haina. Hapa Tanga tunaelewana, kila mtu anajua ni wewe. Afisa wa kibali cha kazi mwenye nyaraka mia mezani haelewi, na hatakuuliza, ataziweka pembeni. Mwenzangu wa kutoka Muheza alipoteza nafasi nzuri kwa herufi moja. Kwa hiyo kabla ya jambo lolote, tandika vyeti vyako vyote kitandani, soma majina herufi kwa herufi, na yakitofautiana nenda kwa wakili upate hati ya kiapo au ya kubadili jina, cheti cha kuzaliwa ukishughulikie RITA, na pasipoti iwe ya mwisho, ifuate shahada. Kazi hii ni ya miezi, usiiache mpaka mkataba ufike.

Kisha shahada na hati ya polisi hupelekwa Wizara ya Mambo ya Nje kugongwa muhuri, halafu ubalozi wa nchi uendako. Ubalozi wa Vietnam uko Dar es Salaam. Wa Thailand unaotuhudumia uko Nairobi. Usitume cheti halisi kwa mtu binafsi, hata awe nani.

Nina stashahada ya ualimu ya Korogwe. Inatosha?

Kwa Thailand na Vietnam, kwa kawaida hapana. Wanataka shahada. Najua inauma, kwa kuwa mwalimu wa stashahada aliyekaa darasani miaka sita humzidi mbali mwenye shahada ya biashara ambaye hajawahi kushika chaki, na wao humchukua huyo wa biashara. Chuo Kikuu Huria kina kituo Tanga. Unaweza kusoma huku unafundisha. Uzoefu wako wa sasa utakuja kuhesabiwa.

TEFL ni nini? Zile za bei rahisi mtandaoni zinafaa?

Ni mafunzo ya kufundisha Kiingereza kwa wasiozaliwa nacho. Waajiri wengi huuliza cheti cha saa 120. Cha mtandaoni hukubaliwa na shule nyingi, lakini kile kinachotolewa kwa siku mbili baada ya kujibu maswali ya kuchagua hakikufundishi kitu. Wewe uliyesomea ualimu utakiona chepesi. Hata hivyo kisome kwa makini, maana mbinu zake si za darasa letu la kunakili ubaoni. Chenye heshima kubwa zaidi ni CELTA cha Cambridge, ambacho ndani yake kuna saa 6 za kufundisha wanafunzi halisi huku ukitazamwa. Gharama yake ni kubwa. Mwenye uwezo asisite.

IELTS ni lazima?

Kwa asiyezaliwa na Kiingereza, mara nyingi wataomba IELTS au TOEIC, mitihani ya kupima Kiingereza. Matokeo ya IELTS hutumika miaka 2, kwa hiyo usifanye mtihani kabla majina hayajanyooka.

Wakala ameniambia niende kwa viza ya utalii, kibali nitapata hukohuko. Ni kweli?

Wako waliofanya hivyo wakafanikiwa, na ndio wanaosimuliwa. Wale waliokamatwa hawarudi kusimulia barazani.

Kisheria ni hivi. Kufanya kazi Thailand bila kibali ni faini ya baht (fedha ya huko) 5,000 mpaka 50,000, kufukuzwa nchini, na kuzuiwa kuomba kibali miaka 2. Viza ikiisha ukabaki, kila siku ni baht 500 mpaka zifike 20,000. Njia ya sawasawa ni shule ikutumie barua na nyaraka zake kwanza, ukiwa bado Tanga, uombe viza ya aina ya B isiyo ya uhamiaji, ufike, shule ikukatie kibali cha kazi na kukuombea ruhusa kwa baraza la walimu la nchi hiyo. Shule isiyotaka kutoa karatasi hizo kabla hujaondoka inakuambia itakavyokutendea ukifika.

Kuna jambo zito zaidi ya faini. Miaka hii watu wameahidiwa kazi Thailand, nyingine za ualimu wa Kiingereza, nyingine za kompyuta, mshahara mnono, tiketi ya bure, bila usaili wa maana. Wakifika Bangkok hupakiwa gari mpaka Mae Sot, mji wa mpakani, wakavushwa mto kuingia Myawaddy, Myanmar, wakafungiwa kwenye majengo ya utapeli wa mtandaoni. Mwanzoni mwa 2025 maelfu walitolewa huko, wakiwemo Wakenya na Waethiopia. Wazazi wangu, nisikilizeni: mwajiri wa kweli hukuhoji, hukutaka ufundishe somo la majaribio mbele ya kamera, hukupa jina la shule ambalo unaweza kulitafuta ramani ukaliona na geti lake. Anayekupa kazi bila kukuuliza swali la ualimu hakuhitaji kwa ualimu. Na shule yoyote inayokwambia ushuke Mae Sot uchukuliwe usiku, usiende.

Mawakala wa ajira hapa nchini wanatakiwa wawe wamesajiliwa. Kabla ya kulipa, uliza TaESU, Kitengo cha Huduma za Ajira cha serikali. Asiyetaka uulize, jibu umelipata.

Wanabagua watu weusi?

Wapo wanaobagua. Matangazo mengi huomba picha, na mengine huandika waziwazi kwamba wanataka "wazawa wa Kiingereza", na wanachomaanisha ni rangi. Nilituma maombi 42. Shule 5 zilijibu.

Ya kwanza kunichukua ilinipa sharti moja siku ya kuripoti: wazazi wakiuliza, niseme natoka Afrika Kusini, maana huko "Kiingereza ni chao". Nilikuwa nimeshalipa tiketi kwa fedha za mkopo wa mjomba. Nilikubali. Muhula mzima nilisema natoka Cape Town, mji ambao sijawahi kuukanyaga. Siku moja mtoto wa kike, jina lake la nyumbani lilikuwa na maana ya mvua, alileta ramani ya dunia akaniomba nimwoneshe nyumba yetu. Kidole changu kikaenda chini kabisa ya Afrika. Akaniuliza mtaa unaitwaje, nje kuna miti gani, bahari iko upande gani. Kila jibu lilikuwa uongo, na alikuwa anaandika yote kwenye daftari. Usiku ule sikulala.

Muhula ulipokwisha niliomba shule nyingine, na kwenye usaili nilianza na neno Tanzania. Siku ya kwanza darasani niliandika TANGA ubaoni, herufi kubwa. Nikawaeleza habari za silikanti, yule samaki ambaye wanasayansi walidhani alikwisha pamoja na madinosari, mpaka 1938 akavuliwa mmoja Afrika Kusini. Na kwamba pwani yetu wavuvi wamewanasa wengi, hata mwaka 2009 ikatengwa hifadhi ya bahari yenye jina lake. Somo la wakati uliopita halijawahi kunijia rahisi namna ile. Walitaka kujua aliishije, alionekanaje, nani alimwona. Hawakuniuliza tena kama Kiingereza ni changu.

Kwa hiyo jibu langu: utabaguliwa kwenye maombi zaidi kuliko darasani. Tuma mengi, tuma na video ya dakika mbili ukifundisha, na usikubali kubadilishiwa nchi. Mimi nilikubali, na daftari la yule mtoto bado lina uongo wangu.

Mshahara ni kiasi gani?

Mimi nilianza na baht 25,000 kwa mwezi, kama shilingi milioni moja na laki saba kwa thamani ya wakati ule. Wenzangu weupe shule ileile walikuwa juu ya 30,000. Chumba nililipa 4,000 nje ya mji. Bangkok huwezi kukipata hivyo. Chakula cha barabarani ni nafuu. Kwa kubana niliweza kutuma nyumbani na kuweka akiba, si utajiri. Mwaka wa kwanza wote ulikwenda kwenye deni la tiketi na nyaraka. Ukiondoka, beba fedha za kula na kulala miezi miwili, kwa kuwa mshahara wa kwanza huchelewa.

Kwenye mkataba niangalie nini?

Idadi ya miezi. Mikataba mingi ya Thailand ni ya miezi 10 au 11, maana yake likizo ndefu ya Machi mpaka Mei hulipwi. Watu husoma mshahara wa mwezi, wakazidisha kwa 12, wakapanga maisha kwa fedha zisizokuwepo.

Kisha: nani analipa kibali na viza, vipindi vingapi kwa wiki, bima ipo, ukiugua je, ukiacha kazi unatoa taarifa siku ngapi. Viza yako imefungwa kwa mwajiri wako. Ukiacha kazi, ruhusa ya kukaa huisha nayo. Usiage shule moja kabla karatasi za nyingine hazijawa mkononi. Na pasipoti hakai nayo mtu mwingine. Wanaweza kuichukua kwa siku moja kupeleka uhamiaji, kisha irudi kwako.

Niombe lini?

Thailand, muhula huanza katikati ya Mei na wa pili Novemba. Omba Februari hadi Aprili, au Septemba. Vietnam na China shule hufunguliwa Septemba.

Binti yangu anavaa hijabu. Ataweza kuishi huko?

Ndiyo, mama. Mimi nilivaa mtandio miaka yote minne. Kusini mwa Thailand kuna Waislamu wengi, misikiti ipo, na nilipokuwa Nakhon Si Thammarat nilisikia adhana kutoka chumbani kwangu. Kuna wali wao uitwao khao mok, ukiuonja utasema ni biriani ya jirani, na chapati zao huziita roti. Mikoa ya Pattani, Yala na Narathiwat ndiyo yenye Waislamu wengi zaidi, lakini tangu 2004 kumekuwa na mapigano kati ya waasi na serikali. Huko sikushauri umpeleke binti mgeni. Shule nyingine za Bangkok hukataa hijabu. Aulize kwenye usaili, akiwa ameivaa, ili jibu lipatikane mapema.

Darasa likoje?

Watoto 40 mpaka 50, kwa hiyo mwalimu wa Tanga hashtuki. Saa mbili asubuhi wote wako mstarini, bendera inapandishwa, wimbo wa taifa. Wanakuita "khru", na wakikusalimu huunganisha viganja na kuinama. Kuna siku nzima ya kuwashukuru walimu, kwa kawaida mwezi Juni, wanafunzi wanapiga magoti na maua mikononi. Mara ya kwanza nililia.

Usimguse mtoto kichwani hata kwa upendo, usimwelekezee mtu unyayo, vua viatu mlangoni. Hayo mawili ya mwisho umelelewa nayo. Kigumu ni ukimya. Hawaulizi, na ukiuliza "mmeelewa?" wote wataitikia ndiyo. Nilijifunza kutouliza swali hilo kabisa. Nilitoa kazi ya wawiliwawili, kila mmoja akiwa na karatasi yenye habari asiyokuwa nayo mwenziwe, ili wasipozungumza kazi isiishe. Fimbo hairuhusiwi, na mwalimu aliyezoea kuitegemea ajifunze njia nyingine kabla hajaondoka.

Badala ya Kiingereza, si nifundishe Kiswahili?

Nafurahi ukiuliza. Nafasi ni chache lakini zipo na ni za heshima. Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni cha Beijing kimefundisha Kiswahili tangu miaka ya 1960. Korea Kusini kuna Chuo Kikuu cha Hankuk. Mpango wa Fulbright wa Marekani umekuwa na nafasi za wasaidizi wa kufundisha lugha, na Watanzania wamekuwa wakienda kwa njia hiyo kufundisha Kiswahili vyuoni kwa mwaka mmoja wa masomo. BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, huwapiga msasa walimu wa Kiswahili kwa wageni, anzia hapo. Lakini kuzaliwa Ngamiani hakutoshi. Muulize mtu wa kwetu kwa nini tunasema "kitabu changu" na "embe langu", wengi watajibu kama yule mwenzangu: ndivyo tunavyosema.

Nikikwama, nani atanisaidia?

Tanzania haina ubalozi Bangkok. Wanaotuhudumia wako Kuala Lumpur, Malaysia. Wajulishe ukifika, usisubiri shida. Nakala za pasipoti, viza na mkataba ziache nyumbani kwa mtu anayejua kusoma na kupokea simu.

Naweza kukuletea mkataba wangu uusome?

Njoo. Jumamosi asubuhi nipo barazani. Njoo na vyeti vyote, si picha za kwenye simu, na uje kabla hujaweka saini. Wiki iliyopita alikuja kijana wa Makorora na mkataba alioutia saini siku mbili nyuma, miezi 10, kibali juu yake. Tulikaa mpaka adhuhuri tukiandika barua ya kuomba vipengele viwili vibadilishwe, na bado tunasubiri jibu.